Jiwe la Aliye Hai

Mwanamke aliyekuja kusukwa Alhamisi ile alikuwa mcheshi, na msusi hupenda kichwa cha mcheshi, maana sikio likichekeshwa mkono hausikii uchovu. Alijiita mgeni mwenyeji. Aliondoka mjini hapa miaka mingi iliyopita, msusi huyu angali mtoto, na sasa amerudi kwa siku chache tu kumzika mjomba wake. Alitaka mistari ya kulala nyuma isiyobana, kwa kuwa Jumatatu angesafiri tena na hakupenda kulala garini na kichwa kinachogonga.

Walipomaliza habari za msiba wakaingia habari za njiani, na za njiani zilipokwisha mgeni akajitazama kwenye kioo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Dunia nimeitembea, dada yangu. Lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuzuru kaburi langu mwenyewe."

Msusi alicheka. Aliuchukua kama utani wa watu wanaosema wamekufa kwa njaa na bado wanatembea. Chanuo lake likaendelea kugawa nywele.

Lakini mgeni hakuwa anatania. Akasimulia kwamba walipotoka kumfukia mjomba walipita katikati ya makaburi kuelekea langoni, na pale ukutani akaona jiwe jeupe, limesuguliwa hadi linang'aa, limeandikwa jina lake. Si jina moja, majina yake yote matatu, na mwaka wake wa kuzaliwa bila kosa. Chini ya jina mume wake alikuwa amechonga maneno ya kumuaga.

"Maneno matamu," akasema. "Angeniambia hata nusu yake nilipokuwa jikoni kwake, labda nisingeondoka."

Hapo ndipo mikono ya Msusi iliposimama.

Jiwe lile mji mzima ulilijua, na hakuna aliyelijua kama yeye. Mama yake mzazi alilazwa safu ya pili kutoka pale. Kila Jumamosi, alipokwenda na ufagio wake kumfagilia mama, alimkuta mwanaume amepiga magoti mbele ya jiwe jeupe, na ndoo ya maji ubavuni, akisugua herufi kwa brashi ndogo taratibu, kama mtu anayemuogesha mtoto mchanga. Huyo alikuwa Fundi, mchonga mawe ya makaburi, mgane ambaye mkewe, kama kanisa zima lilivyojua, alifia hospitali ya mbali na akazikwa huko huko, hapa akawekewa jiwe la ukumbusho tu. Msusi alimtazama Jumamosi ya kwanza akamhurumia. Jumamosi nyingine akamtazama akamwonea wivu marehemu. Kisha siku moja akajisema moyoni: mwanaume anayemtunza mfu hivi, aliye hai atamfanyaje?

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa salamu za makaburini, kwa kuazimana maji. Fundi hakuwa msemaji. Alikuwa na vumbi jeupe kwenye nyusi hata akioga, na alipomtazama Msusi alitazama kwanza chini, kisha pembeni, kisha ndipo macho yalipofika, yamechoka kwa safari ndefu. Yalipofika yalikaa. Msusi, ambaye amewasuka mabibi harusi wote wa kanisa lile tangu alipojua kushika chanuo, na ambaye kila mmoja wao alimwambia "nawe zamu yako inakuja" kwa sauti ile ile ya kumwambia mgonjwa atapona, hatimaye alisikia jina lake likitangazwa madhabahuni. Jumapili mbili limeshatangazwa. Bado moja, kisha harusi.

Mgeni aliuona uso wa msusi wake kwenye kioo. Alikuwa mcheshi, hakuwa mjinga.

"Msibani nilijifunika kanga nisitambulike, nikawasikia wakisema anaoa tena," akasema polepole. "Ni wewe."

"Ni mimi."

Wakatazamana ndani ya kioo, kila mmoja akiogopa kumgeukia mwenzake. Kisha mgeni akashusha pumzi.

"Endelea kusuka, dada. Usiniache nusu kichwa."

Msusi akasuka. Mgeni akaeleza bila kujitetea. Aliondoka na mwanaume mwingine, na mwanaume huyo naye akamtupa, malipo ni hapa hapa. Hakuwa na kinyongo na Fundi wala haja naye. Akataka Msusi aelewe jambo moja: yeye hatasema neno. Jumatatu anaondoka, na marehemu hana desturi ya kurudi mara mbili. Waoane kwa amani, wazae wakiweza.

"Mlifunga ndoa wapi?" Msusi aliuliza. Ndilo swali pekee alilouliza.

"Hapo hapo kanisani kwenu. Mbele za Mungu na shangazi zetu wote."

Mistari ya mwisho ilikwenda upande. Mgeni aliiona, akasema imependeza.

*

Ijumaa Msusi alimweleza shangazi yake, aliyemlea tangu mama alipofariki. Shangazi alikuwa anapiga pasi kitambaa cha meza ya harusi. Alisikiliza mpaka mwisho, pasi haikusimama hata mara moja. Kisha akauliza kama kuna mwingine anayejua. Alipoambiwa hakuna, akakikunja kitambaa pembe kwa pembe na kutoa hukumu yake.

Hukumu yenyewe ilikuwa ndefu, lakini ukiikamua unapata hili: mwanamke mwenyewe amesema amekufa, wewe nani hata umfufue? Aliyemfufua Lazaro alikuwa mmoja na hakuacha cheo hicho kwa wasusi. Msusi alipomkumbusha kwamba Mungu anajua, Shangazi alikubali bila shida.

"Mungu anajua mambo mengi, mwanangu, na humsikii akipiga kelele. Nawe mwige."

Huyu ndiye shangazi aliyemchapa Msusi utotoni kwa kuchukua peremende ya jirani, akamwambia kila kitu kinaandikwa juu. Msusi hakusahau viboko vile. Shangazi alikuwa amevisahau kabisa. Kanisani kwao watu ni hivyo: dhambi ya peremende inaandikwa mbinguni, dhambi ya harusi iliyokwisha kupikiwa haina mwandishi. Msichana aliyeshika mimba aliwekwa kiti cha nyuma mpaka alipojifungua, na waliomweka huko ndio hawa hawa ambao kesho wangesema Mungu ni mwelewa.

Usiku Msusi hakulala. Angependa kuwa na moyo wa shangazi yake. Alijaribu kuuvaa kama unavyojaribu kiatu cha mtu, akakanyaga hatua chache ndani yake, kikambana.

*

Jumamosi hakwenda makaburini. Alikwenda karakana. Fundi alikuwa peke yake uani, amekaa juu ya kigoda kati ya mawe ambayo hayajapata wenyewe, patasi mkononi, akimalizia jina la mtu. Alipomwona alitabasamu, macho yakaanza safari yake, chini, pembeni, kisha kwake. Yalipofika yakaona.

"Nimemsuka mkeo," Msusi akasema.

Patasi haikuanguka. Fundi aliilaza chini polepole, kwa adabu. Hakuuliza mke yupi, wala hakujifanya kushangaa, na Msusi, aliyekuja na matumaini madogo kwamba ataambiwa ni uongo, alihisi matumaini yale yakizama kama sindano kisimani.

"Anaendeleaje?" Fundi akauliza.

"Anacheka. Anasema ulimwandikia vizuri."

Fundi akainamisha kichwa. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo mpaka akasahau kuwa ni mzigo, akaeleza. Mkewe alipoondoka, mama yake Fundi hakuweza kuivumilia aibu. Akawaambia akina mama wa kanisa kwamba mkwe wake amepelekwa hospitali ya mbali. Baadaye akawaambia amefariki. Hakumshauri mwanawe. Fundi alirudi kutoka kazini akakuta turubai limetandwa uani kwake, kwaya inaimba, na mzee wa kanisa akamkumbatia.

"Watu wanalia," akasema. "Ningesema nini? Nami nikalia. Machozi yangu yalikuwa ya kweli, nakuapia. Yalikuwa yamekosa tu mahali pa kutokea."

"Na jiwe?"

"Wakaanza kuuliza. Fundi wa mawe, mkewe hana jiwe? Mama akasema nichonge, yaishe. Nikachonga. Nilipomaliza herufi ya mwisho, karibu niamini."

Msusi alikuwa na swali moja lililomtoa nyumbani, na aliliogopa kuliko yote. Ni swali la mtu anayependa, si la mtu anayehukumu.

"Jumamosi zile zote. Ile brashi. Ulikuwa unamlilia nani?"

Fundi akapitisha kidole juu ya herufi alizokuwa anazichonga.

"Sikuwa namlilia mtu. Nilikuwa naona aibu mbele za Mungu. Nilisema, nikikaa na uongo wangu uso kwa uso kila wiki, labda atanionea huruma. Nilikuwa nasugua dhambi, mpenzi. Haikutoka. Iling'aa tu."

Ungetegemea Msusi amchukie hapo. Yeye mwenyewe alitegemea. Alipenda miaka miwili upendo ambao haukuwepo, alimwonea wivu mfu asiyekufa. Badala yake alimtazama yule mwanaume mwenye vumbi kwenye nyusi, akamwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo: mtu mwoga anayemwogopa Mungu na kuogopa watu zaidi. Akampenda kuliko jana. Ndiyo ilikuwa balaa yenyewe.

Fundi aliona uso wake umelainika, akasogea, akamshika mkono. Akaongea haraka, yeye asiyeongea. Wangemtafuta yule mwanamke kabla hajaondoka. Wangemalizana kwa hakimu, kimya kimya, kisha wangehamia mji mwingine na kuandikishwa kwa msajili. Mawe yapo kila mahali, na watu hufa kila mahali. Wangekuwa na nyumba yenye dirisha la asubuhi, naye angemjengea kibaraza cha kusukia. Msusi alikiona kibaraza kile. Alijiona amekaa, akasikia nyundo ya mume wake nyuma ya nyumba. Mkono wa Fundi ulikuwa mgumu na wa moto, na kwa kitambo akaacha kidole chake kipite juu ya vifundo vile kimoja kimoja.

"Na huko tutasali wapi?" akauliza.

"Makanisa yapo."

"Mchungaji wa huko akituuliza tumetoka wapi?"

Fundi akautazama mkono aliokuwa ameushika.

"Tutamchongea na yeye jiwe," Msusi akasema, akatoa mkono.

Kisha akamwambia alilolibeba usiku kucha. Kesho mchungaji atasoma majina yao mara ya tatu na atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Fundi asimame. Aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisimama, yeye Msusi atatoka upande wa wanawake, atakwenda kusimama karibu naye mbele ya kanisa lote, na wakitemewa mate yatawapata wote wawili. Hawataoana, kwa kuwa mke yupo. Lakini atamngojea bila kuolewa mpaka mmoja wao afe kweli, na hataona amepoteza.

"Mama atakufa kwa aibu," Fundi akasema.

"Mama yako alimuua mtu kwa maneno na hakuumwa hata kichwa."

"Na kazi yangu? Nani ataleta jina la baba yake nilichonge? Kazi hii yote ni watu kuamini kilichoandikwa."

"Najua."

"Mungu anasamehe."

"Anasamehe. Mimi sina ugomvi na msamaha. Lakini Jumamosi ijayo ningesimama pale na kuapa, na ningekuwa najua. Wewe ulisukumwa. Mimi nani amenisukuma? Siku ile ya hukumu sitaulizwa habari za mama yako, Fundi. Sitaulizwa habari zako. Nitakuwa peke yangu, na hutakuwepo kunishika mkono."

Fundi alimtazama kwa uchungu uliokaribia kuwa chuki.

"Basi unampenda Mungu kuliko mimi."

Kama Msusi angekuwa mtakatifu angesema ndiyo. Alifikiri kwanza, kwa kuwa hata jibu hili lilikuwa na msikilizaji wa tatu.

"Simpendi kuliko wewe," akasema. "Hilo ndilo linalonitisha. Namwogopa tu. Wewe sikuogopi."

Fundi akanyanyua mkono kumfuta chozi shavuni, akamwachia vumbi. Msusi hakulipangusa mpaka alipofika nyumbani.

*

Jumapili alivaa gauni la kawaida. Shangazi alipenda avae lile la kijani ili watu wamwone bibi harusi wao. Katika sala za kwanza alimwona Fundi upande wa wanaume, koti jeusi, nywele zimekatwa kwa ajili ya harusi, na mama yake amekaa mwisho wa kiti cha wanawake, karibu na njia, kiasi cha kuweza kunyoosha mkono na kumgusa mwanawe goti. Macho yao yalikutana mara moja. Ya Fundi hayakuzunguka safari hii, yalikuja moja kwa moja. Msusi akasema moyoni, atasimama.

Matangazo yakafika. Mchungaji alisoma habari za paa linalovuja na za mkutano wa kwaya. Kisha akasoma majina mawili kwa furaha, akitabasamu, maana kila mtu alimpenda Fundi kwa uaminifu wake kwa marehemu, na akauliza swali lile ambalo halikuwahi kujibiwa katika kanisa lile na mtu yeyote: mwenye kujua sababu ya kuzuia ndoa hii aseme sasa.

Msusi akamtazama Fundi.

Fundi alikuwa anatazama mikono yake. Aliigeuza, akaitazama viganja, kama mtu aliyepewa mikono ya mwingine. Goti lake lilitetemeka. Mama yake akanyoosha mkono akaliwekea kiganja, na goti likatulia.

Mchungaji alikuwa ameshashika karatasi nyingine.

"Mimi," Msusi akasema, akasimama.

Kwanza wakacheka. Mchungaji naye akacheka, akasema bibi harusi haruhusiwi kujipinga mwenyewe, angoje ndoa ifungwe kwanza ndipo alalamike kama wenzake. Kicheko kilififia ilipoonekana yeye hacheki. Mchungaji akavua miwani. Akamuuliza sababu.

Dhambi haikuwa yake kuitangaza, hilo alikuwa amelipima usiku kucha. Akaomba jina lake liondolewe, hataolewa. Mchungaji akashuka hatua moja, akapunguza sauti, lakini kwa kanisa lenye masikio hata kunong'ona ni tangazo.

"Kuna mwanaume mwingine, binti yangu?"

Kusema hapana kungefungua mlango wa maswali, na nyuma ya mlango ule alikuwa amekaa Fundi. Msusi akanyamaza. Alijua watu watakachosoma katika ukimya wake. Alijua pia, na hili ndilo lililomkata maini, kwamba naye sasa amewaachia watu waamini uongo, na kwamba atalijibia hata hili. Alitafuta njia safi ya kutokea pale. Haikuwepo.

"Nilijua," mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma. Shangazi akachukua mkoba wake, akahamia kiti kingine.

Msusi alitoka nje kupata hewa. Nyuma yake kwaya ilianzishiwa wimbo upesi, kama unavyofunika sufuria. Alisikia hatua kwenye kokoto, akazijua kabla hajageuka. Fundi alisimama mbali naye kidogo, mikono ikining'inia.

"Nilitaka kusimama," akasema. "Miguu ilikataa."

"Kamwambie aliyeiumba."

Akaupokea ule mkwaju wa maneno bila kuukwepa. Midomo yake ikacheza. Msusi aliona neno limekuja mpaka kwenye meno, na hata sasa, hata baada ya yote, kama lingetoka pale uani bila shahidi yeyote angelipokea kwa mikono miwili. Mlangoni mama mtu alikohoa. Hakuita. Alikohoa tu, na Fundi akageuka, akaenda kumpa mkono ashuke ngazi, kwa sababu mama alisema hajisikii vizuri na anataka kurudi nyumbani. Walipita karibu na Msusi. Mama akamtazama kwa huruma kubwa, ya kweli kabisa, kama mtu anavyomtazama binti aliyepotea. Fundi hakugeuza kichwa.

Wahubiri husema atendaye haki hupata amani moyoni papo hapo. Msusi aliingoja. Alisimama juani akingoja kama mtu anayengoja basi ambalo anaambiwa limeshatoka kituoni. Kilichokuja ni hamu ya mkono mgumu wa moto, na sura ya kibaraza ambacho hakitajengwa, na Jumamosi zote zilizobaki za maisha yake, kila moja na ufagio wake. Akamwambia Mungu kwamba hana furaha.

Ndani kwaya ilinyamaza. Ibada ilikuwa haijaisha, na nyumbani hapakuwa na mtu. Akapandisha ngazi, akaingia, vichwa vikageuka na kurudi. Kiti alichokuwa amekalia kilikuwa kitupu kutoka mwisho hadi mwisho. Akaketi katikati. Mchungaji akafungua Biblia bila kumtazama, akaanza kusoma, naye akasikiliza neno kwa neno, kama mtu ambaye ataulizwa.